Mhusika Haoni Jalada Lake

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Shule ya bweni ya sayansi iliyoko nje ya mji ingechukua wasichana wanane, wasome bure mpaka wamalize. Kila mwombaji aje kwenye usaili na mzazi au mlezi, na alete kitabu cha maisha yake alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe: kurasa kumi na sita za karatasi ya manila, ukurasa mmoja kwa kila mwaka wa umri, zenye picha, vipande vya vitu na maelezo. Binti alilisoma akiwa amesimama njiani, akalikunja mara nne, akaja nalo nyumbani akampa baba yake. Hilo ndilo kosa pekee alilolifanya katika habari hii yote.

Baba yake alikuwa karani wa masjala. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akipokea barua za watu, akizitoboa matundu mawili, akizifunga kwenye majalada na kuyarudisha kabatini, na katika kazi hiyo alijifunza kwamba jambo lisilo na karatasi halikutokea. Mtaani walimwita Karani. Mke wake walimwita Fundi, kwa ajili ya cherehani aliyoiweka sebuleni, na binti yao wa pekee walimwita Kimya. Si kwamba alikuwa bubu. Katika chumba chenye cherehani upande mmoja na Karani upande wa pili, mtu wa tatu angepata wapi nafasi ya kusema?

“Hiki wanachokitaka si kitabu,” Karani alisema baada ya kulisoma tangazo mara tatu, kama alivyosoma kila kitu. “Hili ni jalada binafsi. Wameandika kitabu kwa sababu hawajui kazi.”

“Wameandika atengeneze mwenyewe,” Fundi alisema bila kuinua macho kwenye pindo.

“Mwenyewe maana yake ni familia. Kwani sisi ni nani? Tumekodiwa?”

“Naweza kuanza leo, baba,” Kimya alisema. “Nina gundi.”

“Gundi!” Karani akacheka kwa huruma. “Mwanangu, wewe soma hesabu. Maisha yako niachie mimi.”

Wote watatu walijua kilichokuwa kikisubiri upande wa pili wa usaili huo. Dada mkubwa wa Karani alikuwa na saluni ya viti sita, na alikwisha kutoa uamuzi kwamba Kimya akikosa shule hiyo, ataenda kukaa kwake aoshe vichwa vya wateja na kujifunza kazi. Alikwisha kumnunulia na aproni. Siku Kimya alipoletewa habari ya aproni alisema ahsante, kisha chakula kikamshinda kwa siku mbili. Mama yake aliona. Baba yake pia aliona, ila hakupata mahali pa kuliandika.

Jioni hiyohiyo Karani alifungua jalada. Alilipa namba, akachora jedwali la mwendo wa jalada kwenye daftari, na akamwagiza mchonga mihuri wa sokoni amchongee muhuri wa IMEPOKELEWA, kwa sababu wa ofisini haukuruhusiwa kutoka nje na yeye si mwizi. Tangu siku hiyo, mtu wa nyumba ile akitaka kugusa ukurasa ilibidi asaini daftari: jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha, sababu. Fundi aliandika sababu ya kwanza kuwa “nafuta meza.”

Ila Kimya hakuruhusiwa hata kusaini.

“Baba, naomba nione ukurasa wa mwaka wa tano.”

“Kwa madhumuni gani?”

“Ni maisha yangu.”

“Ndiyo maana,” Karani alisema, na kwa kweli alikuwa akimwonea huruma. “Jalada binafsi ni la siri. Mhusika haoni jalada lake. Mimi mwenyewe jalada langu liko hatua nne kutoka kwenye kiti changu, na sijaligusa tangu niajiriwe. Unafikiri sitamani?”

Kimya akaondoka, akaketi, akaandika barua ya maombi kwa mwandiko mzuri. Karani aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma mara tatu, akaigonga muhuri, akaitoboa na kuifunga kwenye jalada.

“Umenijibu nini?” Kimya aliuliza kesho yake.

“Jibu limo kwenye jalada.”

* * *

Kazi ilikuwa ngumu kuliko Karani alivyotarajia, kwa sababu mtoto wa watu wasio na kitu huacha karatasi chache sana. Mwaka wa kwanza ulikuwa na kadi ya kliniki, basi huo ulipita. Mwaka wa sita ulikuwa na jino. Fundi alilitoa kwenye kiberiti alikolihifadhi miaka yote hiyo, na Karani akaliingiza: “Jino, moja, la mbele. Limepokelewa.” Mwaka wa saba ulikuwa na ripoti ya shule iliyosema kwamba mtoto ana nidhamu nzuri ila haongei.

Fundi alikuwa na bati la biskuti lililojaa vipande vya vitambaa, kimoja kutoka kila nguo aliyowahi kumshonea binti yake tangu akiwa wa kubebwa. Alimmwagia mumewe bati zima mezani.

“Hizi hapa. Miaka yote imo humu.”

“Kitambaa hakina tarehe, mke wangu.”

“Tarehe ninazo mimi kichwani.”

“Kichwa chako nitakitoboa wapi nikifunge?” Karani aliuliza, na hakuwa akifanya utani. Mwishowe alikubali vitambaa viwili viingie kama viambatisho. Fundi akavirudisha vingine kwenye bati kimoja kimoja, na siku hiyo cherehani ilipiga kelele kuliko kawaida.

Mwaka wa pili ndio ulioleta watu ndani. Hakukuwa na kadi, wala picha, wala risiti. Kisha Fundi akakumbuka kwamba jirani yao, Mama Pacha, alikuwa na picha ya arusi yake, na pembeni mwa picha hiyo, chini kushoto, ulionekana mguu wa mtoto. Hakukuwa na mtoto mwingine pale, alisema Fundi. Mguu ule ni wa Kimya.

“Mguu wa nani?” Mama Pacha alisema alipoitwa, akiwa ameikumbatia picha kifuani. “Huu ni mguu wa pacha wangu wa kwanza. Niliolewa nikiwa nao tayari, mtaa mzima unajua, sina cha kuficha.”

“Pacha wako alikuwa amevaa viatu siku ile. Nilimfunga kamba mimi.”

“Alivivua! Mtoto havui viatu?”

Karani akatangaza kuwa shauri litasikilizwa. Akaketi mezani na lenzi ya kusomea, wanawake wawili kulia na kushoto. Mguu wa pichani ulikuwa mtupu, na kidole chake cha pili kilikuwa kirefu kuliko dole gumba. Akamwita binti yake.

“Weka mguu juu ya kiti.”

“Baba, nina mtihani kesho.”

“Mtihani utakuwepo. Weka mguu.”

Kimya akauweka. Mama Pacha naye akamwita pacha wake, msichana mwenye haya na kucha zilizopakwa rangi, naye akauweka wa kwake pembeni. Watu wazima watatu wakainama juu ya miguu miwili. Vidole vyote viwili vya pili vilikuwa virefu. Wateja wawili wa Fundi waliokuja kupimwa magauni wakaingia, wakaulizwa maoni, na kila mmoja akaangukia upande wake. Wasichana walisimama kwa mguu mmoja kwa muda wa nusu saa, wakiangalia ukuta ili wasitazamane, huku dada mmoja wa magauni akimshika Kimya kidole na kukinyoosha. Kama kuna aibu iliyo ndogo kiasi kwamba huwezi kumlalamikia mtu, ndiyo hiyo.

Suluhu ilipatikana jioni. Mama Pacha alikubali picha ikatwe: yeye abaki na bwana arusi na bibi arusi, Karani achukue mguu, mradi maelezo yasimtie mtu uongoni. Karani akaandika kwa herufi kubwa: “Mguu, unaodhaniwa kuwa wa mwombaji.” Akagonga muhuri.

* * *

Ikabaki miaka miwili, wa nane na wa tisa, na hiyo ilikuwa mitupu kabisa. Miaka hiyo Kimya hakuwa nyumbani. Jalada moja lilipotea ofisini, Karani akasimamishwa kazi mpaka lipatikane, na lilikaa miaka miwili bila kupatikana kwa sababu mtu alikuwa amelitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Wakampeleka mtoto kwa shangazi yake kwa muda. “Zimwi likujualo halikuli likakwisha,” Karani alimwambia mkewe aliyekuwa akilia, na wakaachia hapo.

Shangazi alikuja Jumamosi mchana, amevaa saa kubwa na amebeba bahasha.

“Shikamoo, shangazi,” Kimya alisema.

“Marahaba. Mikono imekuwa mirefu, vizuri. Hebu nenda ukanunue sabuni, tuna mazungumzo.” Sabuni ilikuwepo, lakini Kimya alikwenda. Shangazi akavuta kiti. “Kaka, nasikia kuna kurasa mbili zinakosa mwenyewe. Zile ni zangu. Nani alimlisha? Nani alimvisha? Wakiona malezi yale watampa shule mara mbili.”

Akatoa picha. Ilikuwa ya siku ya kuzaliwa, nyumbani kwake, keki mezani na mishumaa. Katikati alikuwa binti yake mwenyewe, amevimbisha mashavu apulize, ndani ya gauni la njano lenye kola ya lesi. Pembeni kabisa, nyuma ya sinia la soda, palikuwa na nusu ya uso wa mtoto mwembamba. Ilibidi uambiwe ndipo umwone.

“Huyu hapa,” Shangazi alisema, akigusa nusu ya uso kwa ukucha. “Si anafurahi?”

Karani alikuwa akitafuta tarehe nyuma ya picha. Fundi hakuwa akimtazama mtoto mwembamba wala keki.

“Gauni hili nimelishona mimi,” alisema.

“Na ulishona vizuri, wifi. Watu waliulizia.”

“Nililishona la Kimya. Nililituma la siku yake ya kuzaliwa. Lesi niliinunua kwa hela ya mwisho tuliyokuwa nayo.”

“Sasa, wifi, ulishona bila kupima. Lilimbana mtoto. Kwa mwenzake likakaa.”

“Mwenzake ni mkubwa kwake kwa miaka miwili.”

“Ndiyo.”

“Lilimbana mdogo, likamtosha mkubwa?”

Shangazi akatazama saa yake. “Jamani, mambo ya nguo za watoto! Nimekuja kusaidia, naulizwa maswali kama nimeiba mbuzi. Kaka, sema kitu.”

Karani akasema kitu. Alisema kwamba picha haina tarehe lakini keki ina namba, kwa hiyo mwaka unathibitika. Akapaka gundi, akabandika, na chini yake akaandika: “Mwombaji akihudhuria sherehe katika makazi ya mlezi.” Akagonga muhuri. Ukurasa wa mwaka wa tisa akaujaza kwa barua ya Shangazi ya shukrani, ambayo Shangazi alijiandikia mwenyewe kwa niaba ya mtoto.

Wifi mtu alipoondoka, Fundi alikaa na mikono mapajani, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

“Wewe ulikwenda kumwona kule,” alimwambia mumewe. “Ulirudi ukaniambia ni mzima.”

“Alikuwa mzima.”

“Hukuona kitu kingine?”

Karani alifungua kidau cha muhuri, akaukagua wino, akasema unaelekea kukauka.

* * *

Siku ya usaili walikwenda wanne, kwa sababu tangazo lilisema mzazi au mlezi, na Shangazi alisema hakuna wa kumfundisha maana ya “au.” Alikuja na aproni kwenye pochi, ya rangi ya waridi, ili mambo yakiharibika aondoke na msichana moja kwa moja na wasipoteze siku.

Ukumbini waombaji wengine walikuwa wamepakata vitabu vyao. Vilikuwa na maua yaliyokauka, nyota za karatasi, nywele zilizosukwa zikabandikwa, herufi zilizopinda. Karani alivitazama akasikitika. Vingi havikuwa hata na namba za kurasa.

Mezani waliketi wawili: Mwalimu Mkuu, mama wa makamo aliyekuwa na mafua makali, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akichonga penseli. Karani aliwasilisha jalada kwa mikono miwili, pamoja na daftari.

“Mtasaini hapa kabla ya kufungua, waheshimiwa.”

Mwalimu Mkuu alikuwa na leso puani, hakuwa na nguvu za kubishana. Akasaini. Mwalimu wa hesabu naye akasaini, na kwenye “sababu” akaandika “kazi.” Kisha wakafungua, wakakutana na muhuri, na mwingine, na mwingine.

“Tueleze ukurasa huu, binti,” Mwalimu Mkuu alisema.

Kimya akainama. “Ni mguu,” alisema.

“Wa nani?”

“Imeandikwa unadhaniwa kuwa wangu.”

“Si wako?”

“Sijui, mwalimu. Nilisimama nao nusu saa lakini sikuambiwa hukumu.”

Mwalimu wa hesabu aliacha penseli. Wakafunua mbele. Mwaka wa sita: jino. Mwaka wa kumi na mbili: risiti ya viatu, nakala tatu. Kila ukurasa Kimya aliutazama kwa makini sana, kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine. Walipofika mwaka wa kumi na sita, Mwalimu Mkuu alisoma kwa sauti, akisita kila alipotaka kupiga chafya:

“‘Naomba kuona maisha yangu kabla ya tarehe ya usaili.’ Na hapa kuna jibu. ‘Ombi lako limepokelewa na linashughulikiwa.’ Nani aliandika hili?”

“Mimi niliandika ombi,” Kimya alisema. “Jibu ndiyo kwanza nalisikia.”

“Hujawahi kukiona kitabu hiki?”

“Hapana, mwalimu.”

Karani alikwisha kusimama. “Kwa mujibu wa utaratibu, mheshimiwa, mhusika haoni jalada lake. Ningevunja kanuni ningemdhulumu.”

Hakuna aliyecheka. Mwalimu Mkuu alifunga jalada polepole, akasema kwamba tangazo lilitaka kazi ya mikono ya mwombaji, na kwamba katika miaka yake yote hajaona kazi safi kama hii isiyomhusu mwombaji hata kidogo. Kitabu hicho hakiwezi kupokelewa. Shangazi akaigusa pochi yake. Fundi akafunika uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, na Karani aliyekuwa amesimama akaendelea kusimama kwa sababu hakukumbuka kwamba kukaa kunawezekana. Miaka ishirini na mbili hakuwahi kurudishiwa jalada. Sasa alirudishiwa hili.

“Nipeni manila moja,” Kimya alisema.

Ilikuwa sauti ya kawaida tu, lakini wazazi wake wote wawili waligeuka kumtafuta aliyesema.

Mwalimu Mkuu akamtazama juu ya leso. Akasema nusu saa, si zaidi, na achukue chochote humo ndani. Wakampa karatasi, gundi, mkasi na kalamu. Kimya akafungua jalada bila kusaini, akaenda moja kwa moja kwenye mwaka wa nane, akaing'oa picha ya sherehe. Aliitazama muda mrefu. Ndipo akakata. Alikata nusu ya uso wake pamoja na sinia, akaibandika katikati ya karatasi. Kisha akakata gauni la njano, kola na pindo, akaliacha bila kichwa wala mikono, na kulibandika mbali, ukingoni. Kilichobaki cha sherehe akakisukuma pembeni ya meza.

“Mwanangu huyo!” Shangazi alisema. “Amemkata mwanangu!”

“Kaa chini, mama,” alisema mwalimu wa hesabu.

Kimya akaandika mpaka nusu saa ikaisha. Mwalimu Mkuu akaichukua karatasi, gundi ikiwa bado mbichi, akaisoma kwa sauti kama alivyozisoma za wengine wote siku hiyo.

“‘Mwaka wa nane na wa tisa. Huyu ni mimi. Lile ni gauni langu. Mama alinishonea, nami nililiona mara ya kwanza siku ya picha hii, likiwa limevaliwa. Nilikuwa nafua taulo sitini kwa siku, Jumamosi zaidi. Shule nilikwenda siku ambazo wateja ni wachache. Baba alimwambia mama kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni kweli, sikuisha. Baba alikuja kunitazama mara moja. Nilimsikia mbele akiuliza kama mimi ni mzima, shangazi akasema ni mzima. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilidhani ataniita, nikakausha mikono.’”

Mwalimu Mkuu akaishusha karatasi. Mafua yalimpa sababu ya kufuta macho, akaitumia.

“Ukurasa huu ni kazi yake, na nitaupokea,” alisema. “Lakini umemtaja mtu kwa mabaya, na mtu mwenyewe yupo hapa. Mzazi atie saini kuthibitisha kwamba ni kweli. Asipotia, sina cha kupokea.”

“Kaka,” Shangazi alisema. Sauti yake sasa ilikuwa chini, ya nyumbani. “Kaka, mimi ni dada yako. Ulipokuwa huna kazi nani alikupunguzia mdomo mmoja wa kulisha? Ukitia saini hapo, usinijue. Na ukifa usinitafute.”

Karani alisogea mezani. Akaichukua karatasi ya binti yake, akaisoma. Akairudia. Akairudia tena, kidole kikifuata mstari kwa mstari kama kila siku ya kazi yake, na watu wote wakamngoja. Katikati ya kurudia kwa tatu kidole kikasimama.

“Hapa pana kosa,” alisema.

Shangazi akashusha pumzi. Fundi akainuka nusu kwenye kiti. “Baba Kimya! Usithubutu!”

“Pameandikwa mara moja,” Karani alisema. “Nilikwenda mara mbili.”

Alikuwa akiiambia karatasi, si watu.

“Mara ya pili dada hakuwepo. Nilipita mpaka kwenye pazia, lilikuwa wazi kidogo. Nilikuona.”

“Nilikuwa nafanya nini?” Kimya aliuliza.

“Ulikuwa umenipa mgongo. Ulikuwa umepindua ndoo ukasimama juu yake, maana sinki lilikuwa refu kwako. Unakamua taulo. Ulikuwa unaihesabia, moja mpaka kumi, kisha unachukua nyingine.”

“Mbona hukuniita?”

Karani alikuwa na jibu la kila barua iliyowahi kupita mezani kwake. Sasa akaitazama kalamu.

“Ningekuita ungegeuka,” alisema. “Ungegeuka ningekuchukua. Na sikuwa na pa kukupeleka. Basi nikarudi kwa mama yako nikasema ni mzima.”

Fundi akaketi. Hakulia. Alikuwa akimwangalia mume wake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

Karani akaweka karatasi mezani, akakata neno “moja” kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika “mbili,” na pembeni akaweka herufi za jina lake, kwa sababu sahihisho lisilo na herufi za msahihishaji ni batili. Chini kabisa akatia saini kamili. Kufikia hapo Shangazi alikuwa amekwisha kutoka, na viatu vyake vilisikika ukumbini mpaka mlango wa nje.

Mwalimu Mkuu alipiga chafya mbili, akaandika jambo kwenye orodha yake. “Muhula unaanza tarehe sita,” alisema. “Aje na godoro.”

Karani alishukuru, lakini hakusogea. Kimya akauvuta ukurasa upande wake, akaweka kidole pale palipokatwa.

“Nilikuwa nahesabu mpaka kumi na mbili,” alisema.

Baba yake akamtazama, kisha akamsogezea kalamu.